Makopo Matano ya Mama Vifungo

Shemeji yangu alilipwa mafao yake ya mwisho kwa vifungo. Kiwanda cha mashati alikofanya kazi miaka kumi na tisa kilipofunga milango, fedha hazikuwepo, na wafanyakazi wakaambiwa wapite ghalani wachukue kilichobaki. Wenzake waligombea majora ya vitambaa. Yeye, aliyekuwa mtunza ghala na aliyejua kila kilichomo humo, aliomba magunia mawili ya vifungo vyeupe vya matundu manne. Kaka yangu, mumewe, ambaye ni kinyozi, aliyaona magunia yakishushwa mlangoni akauliza kama ni mahindi.

"Vifungo," akasema shemeji.

"Vya mashati ya nani?"

"Ya kwako, siku utakaponenepa."

Tangu hapo mtaa ukamwita Mama Vifungo. Nilipomuuliza kwa nini aliacha vitambaa, alinionyesha karatasi. Alikuwa ameandika kwamba jora huliwa na nondo, hupauka, hutaka mahali pakavu, na kwamba kila mwenzake angekuwa akiuza lake wiki ile ile, bei ikashuka. Kifungo hakiozi, panya hakitaki, wala hakina haraka ya kuuzwa. Kila hoja aliipa uzito wake, kila bidhaa akaipa alama, akazidisha na kujumlisha. Vifungo vilishinda kwa alama sita. Ilimchukua miaka mitatu kumaliza gunia la kwanza, akiuza kidogo kidogo kwa mafundi cherehani, na hakuna aliyemwona akijuta.

Njia hiyo alifundishwa ghalani, na msimamizi wake wa kwanza, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi. Kazi yao ilikuwa kuchagua uzi. Uzi wa bei nafuu ulikatika kwenye cherehani. Uzi imara ulichelewa kufika. Uliofika kwa wakati ulichuja rangi. Uzi mzuri kwa kila kitu haukuwepo, kwa hiyo ilibidi wajue kwanza wanataka nini zaidi na wanaweza kuvumilia nini. Waliandika mambo wanayoyataka, wakayapa uzito, na hayo yote waliyafanya kabla ya kutazama majina ya wafanyabiashara. Msimamizi alikuwa akisema kwamba ukishaona sura ya muuzaji, mkono wako unaanza kumtafutia sababu. Mwisho walikuwa na jambo waliloliita kutikisa. Waliongeza uzito huku, wakapunguza kule, kidogo tu, kuona kama mshindi bado amesimama. Akianguka kwa mtikiso mdogo, walijua bado hawajapata mshindi, wakarudi kuuliza maswali zaidi.

Shemeji aliileta njia hiyo nyumbani. Nyumba waliyopanga waliichagua kwa jedwali. Kiti cha kinyozi cha kaka kilinunuliwa kwa jedwali. Kaka husimulia kwa wateja wake kwamba hata yeye aliwahi kuwekwa kwenye jedwali, akatoka wa pili.

"Wa kwanza alikuwa nani?" wateja humuuliza.

"Alihamishwa kikazi," hujibu. "Nami nikapandishwa cheo."

Katika ushirika wetu wa madobi aliingia mwaka mmoja baada ya kiwanda kufungwa. Mimi nilikuwa katibu tayari, na ndimi niliyemleta. Pamoja naye tukawa watu kumi na mmoja. Jengo tulilopanga lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulitazama barabara, nao ulikuwa na kaunta ya kupokelea wateja. Wa nyuma ulifunguka kwenye matangi ya saruji na kamba za kuanikia. Katikati palikuwa na sakafu yenye unyevu mwaka mzima, rafu za mashuka yaliyokunjwa, na meza tatu za pasi chini ya dirisha. Meza ya mwisho, karibu na soketi iliyolegea, ilikuwa yake. Aliitandika blanketi kuukuu na shuka juu yake, akashona pembe zote nne zisiteleze, na ukingoni akachora kwa chaki ya fundi cherehani vipimo vya foronya, shuka dogo na shuka kubwa. Kila jioni alama zilifutika kidogo, na kila asubuhi alizichora upya.

Ushirika wetu hulipa kwa kazi ya mikono. Anayefua hulipwa kwa kilo, anayepiga pasi hulipwa kwa kipande. Huna meza, huna malipo. Kipande kwa kipande, shemeji ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba na karo ya binti yao aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, kwa sababu mtaa wao ulikuwa na vinyozi wanne na vichwa vya kuwatosha wawili tu.

Mwenzetu mmoja tulimwita Winchi. Kazi yake ilikuwa kukamua. Aliingiza ncha ya shuka lililolowa kwenye ndoano ya ukutani, akashika ncha ya pili, akalisokota mpaka tone la mwisho. Alifanya hivyo miaka kumi na mitatu, na mgongo wake ulikuwa umeanza kudai. Alipoinuka kutoka kwenye tangi alishika ukuta kwanza, akasubiri, ndipo akanyooka. Mfukoni alitembea na karatasi yenye picha ya mashine kubwa inayofua, inayokamua, na kunyoosha mashuka kwa roli la moto. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka mashine ikaota ufa katikati.

Tulikuwa na akiba ya miaka sita. Katika mwezi mmoja yakatukuta mambo matatu. Mwenye jengo alituma ujumbe kwamba anauza, na kwamba sisi tunapewa nafasi ya kwanza hadi mwisho wa mwaka. Hospitali tunayoifulia ikasema ingetupa mzigo zaidi kama tungekuwa na kigari cha kuuchukua. Naye Winchi alipata habari kwamba mashine yake imeshuka bei. Akiba, pamoja na mkopo mdogo, ingetosha kwa kimoja tu.

Mwenyekiti wetu ni mama anayesimama kaunta, na sauti yake inatosha majengo mawili. Lakini siku hiyo aliongea polepole.

"Mara ya mwisho tuliamua kwa kupiga kelele," alisema. "Tukanunua pampu. Pampu iko wapi?"

"Stoo," watu wakajibu.

"Inafanya nini?"

"Inapumzika."

"Basi safari hii Mama Vifungo atatuongoza."

Shemeji alikubali kwa masharti mawili. Kwanza, tuseme tunataka nini kabla ya kutaja tunataka kununua nini. Pili, anayeshika daftari hapigi kifungo. Yeye angeandika na kujumlisha, sisi kumi tungeamua. Winchi alikuwa ameshatoa karatasi yake.

"Irudishe mfukoni, kaka."

"Ni picha tu, hii."

"Ndiyo maana. Picha hiyo inaongea kuliko wewe."

Winchi akairudisha, huku watu wakicheka, naye akicheka kidogo.

Tulitaja mambo matano, na kila jambo likapata kopo lake, makopo matupu ya maziwa ya unga yenye karatasi iliyogundishwa. Bei isitubebeshe mkopo mkubwa. Mzigo mwingi zaidi kwa siku. Hili lilitoka kwa Winchi. Nguo kumrudia mteja haraka. Hili lilitoka kwa Mwenyekiti. Uhakika kwamba kazi haitasimama. Na gharama ndogo ya kila mwezi. Shemeji akatupa vifungo. Kila mtu aliingia nyuma ya pazia la stoo, peke yake, akatia katika kila kopo kuanzia kifungo kimoja hadi vitano. "Kimoja maana yake hili si tatizo kwako," alituambia. "Vitano maana yake ndilo unaloamka nalo."

Vilipohesabiwa, kopo la bei lilikuwa na vifungo thelathini, la mzigo arobaini, la haraka thelathini na nane, la uhakika arobaini na viwili, la gharama za mwezi ishirini na sita. Niliandika. Shemeji akafunga mifuniko kwa uzi, akayapanga makopo juu ya rafu, na hakuna aliyeyagusa.

Ijumaa ndipo tulipoleta majina: mashine, jengo, kigari. Kila kimoja tulikipa alama kwa kila kopo, moja hadi tano, kwa kubishana mpaka tukakubaliana. Mashine ilipata tano kwa mzigo na tano kwa haraka. Jengo lilipata tano kwa uhakika, maana nani angetufukuza kwetu, na tano kwa gharama za mwezi, kwa kuwa kodi ingekwisha. Lakini kwa mzigo na haraka likapata mbili mbili. Kigari kilikaa katikati kila mahali. Shemeji alizidisha alama kwa vifungo ubaoni, taratibu, kila mtu akifuata kwa midomo. Mashine ilipata mia sita ishirini na nane. Jengo, mia tano hamsini na sita. Kigari, mia tano na kumi na sita.

Winchi hakushangilia. Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu, akatazama ubao muda mrefu.

"Leo umekaa bila kushika ukuta," mtu akamwambia.

"Nimesahau," akasema Winchi.

Lilibaki jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja kwa sauti. Roli la moto la mashine ile lingefanya kazi ya meza mbili kati ya tatu za pasi. Utaratibu wetu wa siku zote ni kwamba nafasi zikipungua, aliyeingia mwisho ndiye anayeanza kutoka. Shemeji ndiye aliyeingia mwisho. Kopo la watu wangapi watabaki na kazi halikuwepo kati ya matano yale, kwa kuwa hakuna aliyelileta. Nilimuuliza baadaye kwa nini yeye hakulileta. Alisema anayeshika kalamu hana ruhusa ya kujiandikia kopo.

Jumapili mchana nilikuwa kwenye kiti cha kaka, nimenyolewa upande mmoja, shemeji alipoingia na kukaa kwenye benchi la wateja. Mkononi alikuwa na kipande cha shuka kuukuu kilichojaa tarakimu za chaki.

"Shemeji," aliniambia, "mwaka huu wateja wangapi wamelalamika kwamba nguo zimechelewa?"

"Arobaini na mmoja." Daftari la malalamiko naliandika mimi.

"Wangapi katika hao walilalamika siku ambazo mzigo ulizidi kilo mia mbili na hamsini?"

Hilo sikulijua kwa kichwa. Ilibidi niende nyumbani kulichukua daftari, nikipita mtaani na nusu ya nywele, watoto wakinihesabia hatua. Niliporudi tulipitia kurasa zote, mimi nikisoma tarehe na yeye akilinganisha na daftari la mizigo, ambalo nalo nililibeba. Wateja thelathini na tisa.

Shemeji aliweka chaki chini.

"Basi makopo mawili yalikuwa kopo moja," alisema.

Kaka alisimamisha mashine ya kunyolea. "Tueleze sisi wa huku."

"Winchi yuko mlango wa nyuma, anapima kwa kilo. Mwenyekiti yuko mlango wa mbele, anapima kwa saa. Lakini nguo inachelewa kwa sababu moja tu, mzigo umewazidi. Ni shuka lile lile, mmoja analiona likiingia, mwingine analiona halijatoka. Tumelipigia vifungo mara mbili. Ghalani tulifanya kosa hili mara moja, tukaandika uimara wa uzi na kutokatika kwa uzi. Nilifundishwa nisilirudie, na nimelirudia."

"Na likitolewa moja?"

"Mashine inashindwa. Jengo linapita."

"Si ndiyo vizuri? Meza yako inabaki. Kesho sema."

"Ndiyo maana siwezi kusema."

Kaka alinigeukia kana kwamba mimi ndiye mkalimani. Kisha akamrudia mkewe. "Ngoja. Umepata kosa. Kosa hilo linakuumiza wewe. Na unataka kulinyamazia, kwa sababu kulirekebisha kutakufaa."

"Ee."

"Mke wangu, wewe ungezaliwa mzani wangekugombea sokoni."

Shemeji hakucheka. "Sikiliza. Ijumaa nilipoona jumla, usiku huo huo nilianza kutafuta kosa. Kama mashine ingeshindwa tangu mwanzo, ningetafuta? Ningekwenda kulala. Winchi atasema hivyo, na atakuwa amesema kweli. Hata mimi sijiamini."

"Kosa lipo au halipo?" kaka aliuliza.

"Lipo."

"Basi liko pale, hata kama umelitafuta kwa macho ya njaa."

Shemeji alikikunja kile kipande cha shuka kwa vipimo vyake vya kawaida, mara mbili na tena mara mbili. Kaka akamalizia upande wangu wa pili. Hatukuongea tena juu ya hilo, na nilipoondoka sikujua angefanya nini.

Jumatatu saa tatu asubuhi Mwenyekiti alikuwa na fomu ya wauza mashine juu ya kaunta, na malipo ya awali ndani ya bahasha. Saini ilitakiwa kabla ya saa sita. Tulisimama kuzunguka meza za pasi, aproni zikiwa zimelowa. Shemeji alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

Alieleza kama alivyotueleza mimi na kaka Jumapili, bila kupamba. Mwenyekiti ndiye aliyekataa kwanza.

"Mzigo na haraka si kitu kimoja. Mimi ninayetukanwa kaunta ndiye ninayejua."

Nikasoma daftari. Thelathini na tisa kati ya arobaini na mmoja.

"Na hao wawili?"

"Mmoja alipoteza risiti. Mwingine alikuja siku moja kabla ya ahadi."

"Huyo wa pili namkumbuka," akasema Mwenyekiti, na akaiweka kalamu chini.

Winchi alikuwa ameegemea ukuta. Alizungumza akitazama sakafu. "Kwa hiyo shemeji yake katibu amekosa meza, na katibu amepata kosa. Yote Jumapili moja."

Nilisikia uso ukinichoma, na ninaandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Nikuulize, dada," Winchi akaendelea, sasa akimtazama. "Meza yako ingekuwa salama, ungeliona kosa hili?"

"Sijui," shemeji akasema.

Nadhani Winchi alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine.

Shemeji alikwenda kwenye meza yake. Alichomoa pasi kwenye ile soketi iliyolegea, akauzungusha waya, akaibeba na kuiweka mbele ya Winchi.

"Meza nimeiacha," alisema. "Mashine ikishinda, meza inaondoka yenyewe, mnajua. Mashine ikishindwa, meza hii ni yako, utoke kwenye tangi kabla mgongo haujakatika. Sasa kwa vyovyote mimi sina meza. Hesabu wewe."

"Dada, sikusema hivyo."

"Najua. Nimesema mimi. Makopo yale pale, vifungo ni vile vile. Chagua mwenyewe kopo la kutoa."

Alitoka akasimama mlango wa nyuma, akitazama kamba.

Winchi aliyashusha makopo kutoka kwenye rafu. Uzi ulikuwa bado umefungwa. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa maji ya miaka, na vifungo vilimponyoka. Akavihesabu kumi kumi juu ya ile meza, katikati ya alama za chaki. Kati ya kopo la mzigo na la haraka alitoa la haraka, lenye vifungo vichache, ili mashine yake isipoteze zaidi ya inavyolazimu. Ilikuwa haki yake. Kisha akaandika ubaoni, akizidisha kwa sauti. Mashine, mia nne thelathini na nane. Jengo, mia nne na themanini. Kigari, mia nne na mbili.

Alirudia hesabu toka mwanzo. Hakuna aliyemharakisha. Ikatoka vile vile.

"Sasa tikisa," shemeji akasema kutoka mlangoni, bila kugeuka.

"Nitikise vipi?"

"Toa vifungo kwenye kopo la uhakika, tia kwenye la mzigo. Ujipendelee."

Winchi alihamisha vifungo vitano. Akazidisha upya. Jengo likashuka hadi mia nne sitini na tano. Mashine ikapanda hadi mia nne arobaini na nane. Alisimama akiwa na chaki mkononi. Angeweza kuhamisha vingine vitano na mashine ingepita, naye alijua, na sisi tulijua. Aliirudisha mikono kwenye aproni.

"Limesimama," alisema. "Jengo."

Mwenyekiti alichukua fomu ya mashine akaikunja. Alimuuliza Winchi kama anataka aitunze. Winchi alisema anayo yake, yenye ufa.

Tulilinunua jengo. Mkopo ulikuwa mkubwa kuliko tulivyopenda, na miezi ya kwanza ilikuwa ya kubana. Winchi alichukua meza. Siku ya kwanza shemeji hakuja. Nadhani alituachia nafasi ya kuzoea. Siku ya pili alikuja akamkuta Winchi akiunguza foronya ya tatu.

"Unaipiga kana kwamba inakudai," alimwambia, akamshika kifundo cha mkono na kumwonyesha.

Kukamua tuligawana kwa zamu, siku moja kila mtu, hata Mwenyekiti. Wiki mbili tu na watu wote walikuwa wakishika ukuta kabla ya kunyooka. Utani juu ya mgongo wa Winchi ulikwisha wenyewe.

Shemeji alipewa kiti kando ya rafu, kazi yake ikawa kushona mashuka yaliyochanika na kurudishia vifungo kwenye mavazi ya wagonjwa. Malipo yalikuwa kama nusu ya aliyokuwa akipata. Sitaki ionekane kwamba jambo hilo halikumgharimu. Binti yao aliahirisha muhula mmoja, akakaa nyumbani akimsaidia mama yake kushona, na hakuwa na furaha. Kaka alianza kwenda hospitalini kila Jumatano, akinyoa wagonjwa kitandani mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo kabla ya hapo aliliona ni chini ya hadhi ya kiti chake.

"Umegawa meza kama unayegawa sahani ya ziada," alimwambia mkewe siku moja mbele yangu.

"Haikuwa ya ziada," akajibu shemeji. "Ingekuwa ya ziada wasingeniamini."

Muhula uliofuata binti alirudi chuoni.

Fedha tuliyokuwa tukilipia kodi tuliiweka kando, sehemu kwa mkopo na sehemu kwa akiba. Baada ya miezi kumi na minne ilifika kiasi cha kununua kitu kidogo. Palikuwa na mashine ndogo ya kukamua tu, isiyo na roli. Palikuwa na pasi kubwa ya mvuke. Na palikuwa na tangi la kuhifadhia maji. Mwenyekiti akaitisha kikao. Shemeji akaja na daftari na makopo, akayapanga mezani, akaomba tutaje tunayoyataka. Mzigo na haraka tuliviandika kwenye kopo moja bila kuambiwa.

Winchi aliomba kusema. Siku hizi hunyooka kwa urahisi, ingawa bado ana tabia ya kugusa ukuta.

"Kuna kopo halikuwepo siku ile," alisema. "Nani ataachwa bila kazi tukinunua."

Shemeji aliinua uso. Alisubiri kama kuna wa kupinga. Hakuwepo. Akachukua kopo tupu, akaandika maneno yale kama yalivyosemwa, akaligundishia karatasi na kuliweka mwanzoni mwa mstari.

Tuliingia nyuma ya pazia mmoja mmoja. Kopo lile lilipofunguliwa lilikuwa na vifungo arobaini na sita, kati ya hamsini vinavyowezekana. Shemeji alivihesabu mara mbili, akavirudisha ndani, kisha akanigeukia na kuniambia niandike.